Daraja Sifuri 240,903: Kisa cha Matokeo ya Kidato cha Nne 2012

Tarehe 18 Februari 2013, Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi wa Tanzania, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika Oktoba 2012. Kwa watahiniwa wa shule, Daraja la I walikuwa 1,641, la II 6,453, la III 15,426, la IV 103,327, na sifuri 240,903. Katika kila watahiniwa watatu, wawili hivi walitoka bila cheti.

Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo yalitoka matokeo mengine ya mtihani uleule. Daraja la I walikuwa 3,242, la II 10,355, la III 21,752, la IV 124,260, na sifuri 210,846. Karatasi za majibu hazikusahihishwa upya. Kilichobadilika ni kanuni ya kugeuza alama kuwa gredi. Watoto takriban 30,000 waliokuwa wameambiwa wamefeli wakaambiwa wamefaulu, na waliopata Daraja la I wakawa karibu mara mbili.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa undani kwa sababu kinaonyesha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: haki ya kipimo, na haki ya kufundishwa kabla ya kupimwa. Serikali ilirekebisha la kwanza. La pili lilibaki palepale, na tangu hapo tumekuwa tukilifunika kwa kurekebisha la kwanza tena na tena.

Alama inavyogeuka kuwa daraja

Watu wengi hudhani daraja ni hesabu ya moja kwa moja: umepata maksi kadhaa, basi daraja lako hili. Kati ya kalamu ya mtahiniwa na daraja lake kuna hatua kadhaa, na karibu kila moja ina uamuzi wa binadamu ndani yake.

Kwanza ni usahihishaji. Walimu hukusanywa vituoni na kusahihisha kwa mtindo wa mnyororo: mmoja anasahihisha swali moja tu, anasogeza kijitabu kwa mwenzake wa swali linalofuata, na wote wanafuata mwongozo mmoja uliokubaliwa mwanzoni. Mtindo huu unapunguza upendeleo, maana hakuna mwalimu mmoja anayeamua hatima ya karatasi nzima. Kwa jumla hatua hii ndiyo imara kuliko zote, na katika kisa cha 2012 haikuwa kiini cha mgogoro.

Hatua ya pili ni alama za maendeleo, zile ambazo shule hujaza kwenye fomu za TSM9 na kuzituma Baraza la Mitihani. Hapa pana ulegevu unaojulikana na kila mkuu wa shule. Shule moja inajaza alama halisi za mitihani yake ya mihula, nyingine inajaza 80 na 90 kwa darasa zima ili kuwabeba wanafunzi wake. Ukizijumlisha jinsi zilivyo, unaiadhibu shule iliyosema kweli. Ndiyo maana Baraza hulazimika kuzisanifisha kwa kuzilinganisha na kile ambacho wanafunzi wa shule hiyo wamepata kwenye mtihani wenyewe, kisha kuzishusha au kuzipandisha.

Hatua ya tatu ni mipaka ya gredi: A inaanzia wapi, D inaishia wapi. Hatua ya nne ni pointi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la I, 18 hadi 21 la II, 22 hadi 25 la III, 26 hadi 33 la IV, 34 na 35 sifuri.

Tuchukue mtahiniwa wa mfano mwenye masomo saba ya lazima na alama hizi: Kiswahili 43, Uraia 33, Historia 32, Jiografia 31, Kiingereza 30, Biolojia 28, Hisabati 7. Tuseme mpaka wa chini wa D ni 35. Ana D moja ya Kiswahili, F sita. Pointi 4 kujumlisha 30 ni 34: sifuri. Sasa ushushe mpaka wa D hadi 30, kama ulivyo leo. D tano zinampa pointi 20, F mbili zinampa 10, jumla 30: Daraja la IV. Kijana ni yuleyule na majibu yake ni yaleyale. Alama tano za mpaka zimemtoa kwenye kundi la wasio na cheti na kumweka kwenye kundi la waliofaulu.

Athari hii haiwi sawa kila mahali, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Mpaka unaposogea, anayeguswa ni yule aliyesimama karibu nao. Katika masomo mengi ya sekondari zetu, watahiniwa wengi hubanana kwenye alama 20 hadi 40. Ukisogeza mpaka wa D kwa alama chache, unahamisha maelfu kwa maelfu. Ukisogeza mpaka wa A kwa kiasi hichohicho, unahamisha mamia. Kwa sababu hiyo Daraja la I lilikaribia kuongezeka maradufu kwa watoto 1,601 tu, ilhali sifuri ilipungua kwa makumi ya maelfu na bado ikabaki ndilo kundi kubwa kuliko yote.

Kilichobadilishwa mwaka 2012

Kwa miaka mingi Baraza lilitumia mipaka inayonyumbulika. Baada ya kusahihisha, wastani wa kitaifa wa kila somo ulilinganishwa na wa miaka iliyotangulia, kisha mipaka ikasogezwa. Utaratibu huu una hoja nzuri nyuma yake. Mtihani wa Kemia wa mwaka huu hauwezi kuwa na ugumu sawasawa na wa mwaka jana, na si haki mtoto aumie kwa kuwa mtunzi wa maswali mwaka wake alikuwa mkali. Lakini una gharama pia: kizazi kikishuka kiwango kwa kweli, mipaka inashuka nacho, na taifa halioni kitu.

Kwa mtihani wa 2012 Baraza lilihamia kwenye mipaka isiyobadilika. A ingekuwa A ileile kila mwaka, na alama za maendeleo zikasanifishwa kwa namna ambayo haikutumika 2011. Kama lengo la muda mrefu, hilo ni jambo jema. Mwajiri akiona C ajue ni C. Tatizo ni masharti yake. Mipaka isiyobadilika hufanya kazi pale tu maswali yamejaribiwa kabla, kwa kundi la wanafunzi wa sampuli, ili ugumu wa karatasi za miaka tofauti ufanane. Inahitaji pia walimu na wanafunzi wajue mipaka hiyo mapema, maana mwalimu anayejua F inaishia wapi ndiye anayeweza kumwambia mwanafunzi wake Machi kwamba yuko hatarini. Mwaka 2012 walimu na wanafunzi walikutana na kanuni mpya siku ya matokeo.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome kuchunguza chanzo cha anguko. Tarehe 3 Mei 2013, William Lukuvi, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu (Sera, Uratibu na Bunge), aliliambia Bunge kwamba Baraza la Mawaziri limeamua matokeo yafutwe na yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika 2011. Sababu iliyotolewa ni kwamba utaratibu mpya ulitumika bila maandalizi na mashauriano ya kutosha. Kidato cha sita, waliokuwa wamefanya mtihani wao mapema mwaka huo, nao wakaamriwa wapangiwe kwa utaratibu wa zamani.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na sababu yake haihitaji siasa kuielewa: kanuni ya kupima lazima ijulikane kabla ya mtu kupimwa. Hata kama mipaka mipya ilikuwa bora, huwezi kuijaribu juu ya vyeti vya watoto laki nne bila kuwaambia.

Lakini wengi waliishia hapo, wakaamini kwamba tatizo lilikuwa mipaka. Hesabu inakataa. Mwaka 2011 ufaulu ulikuwa karibu asilimia 53. Matokeo ya kwanza ya 2012 yaliwapa watahiniwa wa shule ufaulu wa asilimia 34.5 hivi. Yalipopangwa upya kwa utaratibu uleule wa 2011, ufaulu ulifika asilimia 43.08. Kwa hiyo katika anguko la pointi kama 18 za asilimia, mipaka inaeleza kama nane na nusu. Zilizobaki, zaidi ya nusu ya anguko, hazikuondoka hata baada ya kurudisha kipimo cha zamani. Watoto 210,846 walipata sifuri kwa kanuni ambayo kila mtu alikuwa ameshaikubali kuwa ya haki. Hao hawakupata tume yao.

Waliosoma nini, na nani aliwafundisha

Waliofanya mtihani Oktoba 2012 waliingia kidato cha kwanza 2009. Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa awamu ya kwanza ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004. Katika miaka hiyo mitano, shule za sekondari ziliongezeka kutoka takriban 1,300 hadi zaidi ya 4,000, na wanafunzi kutoka takriban 430,000 hadi karibu 1,470,000. Nyingi ya shule hizo mpya ni za kata, zilizojengwa kwa michango na nguvu za wananchi. Ni jambo kubwa la kujivunia: mtoto wa kijijini ambaye zamani angeishia darasa la saba alipata dawati la sekondari.

Madarasa yalijengwa haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Pengo likazibwa na walimu wa leseni, vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache na kupelekwa darasani. Mtaani wakaitwa vodafasta. Wapo waliofanya kazi ya kutukuka. Lakini shule ya kata yenye walimu watano kwa masomo tisa, ambayo mwalimu wa Historia ndiye anafundisha pia Biolojia na hakuna kabisa wa Fizikia, ilikuwa hali ya kawaida. Maabara hazikuwepo. Agizo la Rais Kikwete la kila shule ya sekondari kuwa na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, lilitoka Novemba 2012, baada ya kundi hili kuweka kalamu chini. Mtoto aliyeisoma titresheni, jaribio la maabara la Kemia, ubaoni tu, hajawahi kushika bureti, alifanya mtihani mmoja na mtoto aliyeifanya kwa mikono yake mara kumi.

Kundi hili lilipitia pia lango lililokuwa wazi. Mwaka 2008 Serikali iliondoa sharti la kufaulu mtihani wa kidato cha pili ili kuingia cha tatu. Hoja ilikuwa ya huruma, kutowarudisha nyumbani watoto wa miaka kumi na sita. Sharti lilipoondolewa, hakikuwekwa kitu mahali pake: hakuna masomo ya ziada kwa walioshindwa, hakuna muda wa marudio, hakuna mwalimu aliyepewa orodha ya waliohitaji msaada. Aliyepata 12 ya Hisabati kidato cha pili mwaka 2010 aliendelea hadi cha nne akiwa na pengo lilelile, likizidi kupanuka. Kisha mwishoni mwa Julai 2012, miezi miwili na siku kadhaa kabla ya mtihani, walimu waligoma kwa wito wa Chama cha Walimu Tanzania hadi Mahakama ilipoamuru warudi kazini siku chache baadaye. Walirudi, lakini madai yao hayakuwa yamejibiwa, na mwalimu aliyerudi kwa amri hawezi kutarajiwa kubaki jioni kufanya marudio.

Juu ya yote hayo kuna lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, mtihani wa darasa la saba ameufanya kwa Kiswahili, halafu Januari ya kidato cha kwanza kila somo isipokuwa Kiswahili linakuja kwa Kiingereza. Shule zenye uwezo hutoa kozi ya kuvukia ya majuma kadhaa. Shule za kata mara nyingi huanza silabasi moja kwa moja. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, huelezea kwa Kiswahili, mwanafunzi hukariri notisi asizozielewa. Katika chumba cha mtihani, swali la Biolojia kuhusu maambukizi ya malaria linampima kwanza kama anaweza kusoma sentensi ya Kiingereza ya maneno ishirini, pili kama anaweza kuandika aya ya Kiingereza, na tatu tu ndiyo kama anajua mbu anafanya nini. Angeweza kueleza vizuri kabisa kwa mdomo, kwa Kiswahili. Gredi yake inasema hajui Biolojia. Kipimo kinachopima kitu kingine badala ya kile kilichoandikwa juu ya karatasi hakiwezi kusahihishwa kwa kusogeza mpaka wa D.

Wakati matokeo yanatangazwa, zilisikika habari za watahiniwa walioandika mashairi ya Bongo Fleva na matusi na kuchora katuni kwenye vijitabu vya majibu. Magazeti yaliziandika kama ushahidi wa kizazi kilichoharibika. Zisomwe upya kwa utulivu. Mtihani unaweza kuwa wa saa tatu, na mtahiniwa anayemaliza mapema haruhusiwi kuondoka atakavyo. Mtoto asiyeelewa hata swali moja la karatasi nzima hukaa saa hizo akiwa na kalamu na kurasa tupu. Matusi hayatetewi. Lakini picha ile kwenye kijitabu cha majibu ni taarifa ya ukaguzi wa shule iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe: miaka minne nilikaa darasani na hakuna kilichoniingia.

Kanuni mpya kila mwaka

Mtu angetegemea somo la 2012 liwe moja: usibadilishe kanuni ghafla. Kilichofuata ni kinyume chake. Siku chache kabla ya mtihani wa Novemba 2013, wizara ilitangaza mgawanyo mpya wa gredi: A 75 hadi 100, B+ 60 hadi 74, B 50 hadi 59, C 40 hadi 49, D 30 hadi 39, E 20 hadi 29, F 0 hadi 19. Alama za maendeleo zikawekwa asilimia 40 ya jumla: 15 kutoka mtihani wa kidato cha pili, 10 za mihula miwili ya kidato cha tatu, 10 za moko (mtihani wa majaribio), na 5 za kazi mradi. Likatangazwa na Daraja la V badala ya sifuri, na zogo likazuka hadi bungeni. Ufaulu wa mwaka ule ulitoka asilimia 58.25 na ukasomwa kuwa umepanda kutoka 43.08. Namba hizo mbili hazilinganishwi. Zimetoka kwenye mizani mbili tofauti, na mtu yeyote anayezipanga kwenye chati moja anapotosha hata kama hakukusudia.

Mtihani wa 2014 ukaja na wastani wa pointi, GPA. Hapo namba kubwa ndiyo ikawa nzuri, ilhali wazazi walikuwa wamezoea kwamba pointi 7 ndiyo kilele na 35 ndiyo shimo. Januari 2016, Waziri mpya wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye mwaka 2012 alikuwa ndiye Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, aliagiza madaraja yarudi. Matokeo ya mtihani wa Novemba 2015, ambao watahiniwa waliufanya wakijua watapangwa kwa GPA, yakatoka kwa madaraja. Kurudi kwenye madaraja kulikuwa na faida, kwa kuwa wananchi wanayaelewa. Ila kosa la 2012 lilijirudia kwa sura nyingine: walifanya mtihani chini ya kanuni moja, wakatangaziwa chini ya nyingine.

Fikiria ofisi ya udahili ya chuo inayopokea maombi ya vijana watano waliomaliza kati ya 2011 na 2015. Mezani pana vyeti vya mfumo unaonyumbulika, vya mfumo uliofutwa na kupangwa upya, vya gredi saba, vya GPA, na vya madaraja yaliyorudi. Anayevilinganisha lazima awe na jedwali la ubadilishaji pembeni, na anayekosea mstari mmoja anamnyima mtu nafasi.

Shinikizo linapohamia kwa mwalimu mkuu

Mwaka 2013 ulianza pia mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Kwa elimu, lengo liliwekwa kama asilimia ya ufaulu: 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014, 80 mwaka 2015. Shule zikapangwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Orodha za shule kumi bora na kumi za mwisho, zilizokuwepo tangu zamani, zikapata uzito mpya.

Mkuu wa shule anapopimwa kwa asilimia, ana njia mbili za kuipandisha. Anaweza kuwafundisha vizuri walio chini, kazi ya miaka minne isiyo na njia ya mkato. Au anaweza kupunguza idadi ya walio chini kabla ya siku ya mtihani, kazi ya muhula mmoja. Mchujo wa shule binafsi unafanya kazi hivi: shule inaweka wastani wa kuvuka, tuseme 50 au 60, kutoka kidato cha pili kwenda cha tatu. Asiyefikia anashauriwa kuhama, au anasajiliwa kwenye kituo kingine, au anaambiwa afanye kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yake ya mtihani inaanza na P badala ya S, na matokeo yake hayaihusu tena shule aliyosoma na kulipia ada. Wizara imekataza mara kwa mara. Shule inaendelea kwa sababu bango la "asilimia 100 Daraja la I" getini linaleta wazazi wapya Januari.

Shule ya kata haiwezi kuchuja. Inapokea kila aliyepangiwa na inambeba hadi mwisho. Ukiipanga kwenye orodha moja na shule iliyochagua wanafunzi kwa usaili na kuwachuja mara mbili njiani, orodha haikwambii nani anafundisha vizuri. Inakwambia nani alichagua vizuri. Baraza lilitenganisha vituo vyenye watahiniwa 40 na zaidi na vile vyenye pungufu, jambo la busara, kwani wastani wa watahiniwa kumi na mbili huyumba kwa mtoto mmoja tu. Utenganisho huo haukugusa suala la nani ameruhusiwa kukaa kwenye chumba cha mtihani.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne cha 2022, Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza, Athumani Amasi, alisema Baraza halitatangaza tena shule bora na wanafunzi bora, kwa kuwa linalinganisha watu wasio katika mazingira sawa. Ilikuwa hatua njema na ya kuchelewa. Matokeo ya kila shule bado yako wazi mtandaoni, na watu binafsi wanaendelea kuunda orodha zao wenyewe. Kwa hiyo ni bora mzazi na mjumbe wa bodi ya shule wajue kuyasoma kuliko kutegemea orodha ya mtu.

Kuyasoma matokeo ya shule

Mipaka ya leo ni A 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, F chini ya 30. Kwa mipaka hii, mtahiniwa mwenye C moja ya Kiswahili na F sita ana pointi 33. Yuko Daraja la IV na anahesabiwa amefaulu. Mwenye D mbili na F tano vilevile. Mtihani wa 2024 ulitangazwa kuwa na ufaulu wa asilimia 92.37, lakini karibu nusu ya watahiniwa wote walikuwa Daraja la IV, na katika Hisabati aliyefaulu ni kama mmoja kati ya wanne. Asilimia ya ufaulu peke yake, iwe ya taifa au ya shule, haitoshi kukuambia chochote kuhusu kilichofundishwa.

Fungua ukurasa wa shule na uanze na idadi ya watahiniwa. Kisha uliza shuleni: kidato cha kwanza miaka minne iliyopita mlisajili wangapi? Shule iliyopokea 120 na kufanyisha mtihani 70 ina watoto 50 wa kutolea maelezo, hata kama wote 70 wamepata Daraja la I. Wengine watakuwa wamehama kwa sababu za familia, wengine utoro au mimba. Mkuu wa shule anayejua walipo atakutajia makundi yao bila kusitasita.

Baada ya hapo tenganisha Daraja la I hadi III na la IV. Kwenda kidato cha tano kunahitaji krediti, yaani C na kuendelea, angalau tatu, kwa hiyo Daraja la IV kwa wengi ni mwisho wa njia ya masomo ya kawaida, labda ufundi au kurudia mtihani. Shule yenye ufaulu wa asilimia 95 ambayo asilimia 80 ni Daraja la IV iko pabaya kuliko ile yenye ufaulu wa 85 na nusu yake I hadi III.

Halafu tazama somo kwa somo, hasa Hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi. Kiswahili kiweke kando kwanza, maana karibu kila mwaka ndicho hufanya vizuri kuliko masomo mengine na hufunika yaliyo dhaifu. Kama Hisabati ina F 60 kati ya 65 kwa miaka mitatu mfululizo, tatizo si wanafunzi wa mwaka fulani. Ni nafasi ya mwalimu iliyo wazi, au iliyojazwa na asiye na somo hilo. Hiyo ni hoja ya kupeleka kwa Ofisa Elimu wa wilaya kwa barua, ikiwa na namba hizo za miaka mitatu na jina la somo, bodi ikiwa imeisaini, kabla ya mgao wa walimu wapya.

Mwisho linganisha shule na ilivyopokea. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya kundi hilohilo, ya miaka miwili nyuma, yako wazi. Panga majina au idadi za gredi za kidato cha pili mkono wa kushoto na za kidato cha nne mkono wa kulia. Shule ya kata iliyopokea kundi lenye F tele kidato cha pili na kulifikisha nusu kwenye D na C imefanya kazi kubwa ya kufundisha, na hakuna orodha ya kumi bora ambayo ingewahi kuionyesha. Walimu wa shule hiyo ndio wa kuulizwa walitumia mbinu gani, walibaki jioni siku ngapi kwa wiki, na somo gani walilipa vipindi vya ziada.